Shangazi, gesi inanipanda mpaka mabegani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mkazi wa Pasua hapa Moshi, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni upishi wa mlimani, Kilimanjaro. Nilianza kama mgumu, nabeba mizigo ya wageni, na huu ni mwaka wa nne niko jikoni. Wapishi wa mlima tunaitwa kwa utani mainjinia wa tumbo. Siku hizi wenzangu wakiniita hivyo wanacheka kwa sababu nyingine.

Gesi inanimaliza, Shangazi. Nikiwa nyumbani tumbo linajaa jioni, linaunguruma, nabeua, basi yameisha. Lakini nikipanda, kuanzia siku ya pili tukifika kambi ya Shira, tumbo linakuwa ngoma. Mkanda naulegeza tundu mbili. Usiku tunalala watano kwenye hema moja na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nikiachia ni kelele na matusi, nikibana nakesha. Safari iliyopita kijana mmoja alikusanya godoro lake akaenda kulala kwenye hema la jikoni, katikati ya masufuria.

Halafu haikai tumboni tu, inatembea. Inapanda mgongoni, inaingia bega la kushoto, mara inachoma chini ya mbavu za kushoto kama kisu mpaka nadhani ni moyo. Saa nyingine usiku nikiwa na njaa chembe ya moyo inawaka. Mara mbili imenipanda kichwani nikiwa kambi ya Barafu, kichwa kikauma kama kinapasuka, nikatapika, hata chakula nilichopika mwenyewe nikashindwa kukionja. Nilivyoshuka ikaisha yenyewe.

Nimehangaika. Magadi na limao asubuhi, tangawizi, vidonge vya omeprazole nanunua duka la dawa, huu mwezi wa tano. Kuna mtu kule sokoni aliniuzia dawa ya gesi kwenye chupa ya soda kwa 15,000. Akasema gesi ikikaa inageuka sumu, inaingia kwenye damu na kuua nguvu za kiume. Nilikunywa nikaharisha siku tatu. Zahanati moja walinipima damu, wakasema nina bakteria wa vidonda vya tumbo, nikameza dozi ya wiki mbili nikamaliza. Juzi wamenipima damu tena wanasema bado wapo, nianze upya. Mama anasema ni chango la ukoo. Mke wangu anasema ni mbege.

Mlimani sisi wafanyakazi tunakula ugali na maharage au kabichi, siku nyingine makande, na chai ya maziwa ya unga. Magoti yakiuma namezea diklofenaki, karibu kila siku ya safari. Sijui kama inahusika, nimeitaja tu.

Naomba uniambie: hii gesi kweli inatembea mwilini? Inageuka sumu? Na hilo la nguvu za kiume? Msimu wa Juni unakuja na siwezi kuacha kazi.

Injinia wa Tumbo, Pasua


Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu mkononi. Kila mahali unaandika gesi, lakini mimi nimehesabu matatizo matano: tumbo kujaa na ushuzi, kisu chini ya mbavu, mgongo na bega, chembe ya moyo kuwaka, na kile kichwa cha Barafu. Umeyafunga yote furushi moja ukalibandika jina moja, ndiyo maana hakuna dawa iliyokuponya. Gesi yenyewe inahusika na mawili tu. Hayo mengine yana wenyewe, na mmoja wao angeweza kukuua.

Tuanze na aibu, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Wewe ni mpishi, basi unazijua paketi za krispi za wageni. Zinapakiwa Moshi zikiwa bapa, zikifika Shira zimevimba kama mpira, Barafu nyingine zinapasuka. Hakuna aliyezipuliza. Mji wetu uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Shira ni zaidi ya mita 3,700, Barafu ni mita 4,600 na ushee. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, na hewa yoyote iliyofungwa ndani ya kitu inatanuka. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga ufukweni. Umeona pia kinyume chake: chupa tupu ya maji ukiifunga vizuri ukiwa Barafu, ukifika lango la Mweka huku chini imebonyea kama imekaliwa.

Utumbo wako ni paketi ya krispi yenye mlango. Gesi ya kujaza glasi moja hapa Pasua, ukifika Barafu inataka glasi moja na nusu au zaidi kidogo. Itatafuta pa kutokea. Mwaka 1981 madaktari wawili wa Marekani waliokuwa wakipanda milima, Paul Auerbach na York Miller, waliandikia jarida la kitabibu kueleza jambo hilihili, kwamba ukipita urefu fulani ushuzi unaongezeka bila mtu kuwa na ugonjwa wowote. Waliandika kwa utani nusu, lakini hoja ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo hata hao wanaokutukana hemani wamevimba. Wewe umevimba zaidi kwa sababu unapanda ukiwa tayari na mzigo tumboni, na mzigo huo unaupika mwenyewe.

Gesi ya tumboni inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni hewa tunayomeza: kula haraka, kufyonza chai ya moto, soda, bazoka, sigara, na kwa watu wa kazi yako, kuhema kwa mdomo mlima ukiwa mkali huku unaongea. Nyingi ya hiyo inarudi juu kama mbweu. Ya pili inatengenezwa kwenye utumbo mpana na bakteria wanaoishi humo, wanaokula kile ambacho wewe umeshindwa kumeng'enya. Maharage yana sukari za aina yake ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enyo cha kuzivunja. Zinapita tumbo na utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikifika chini bakteria wanazifurahia na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Zote hizo hazina harufu. Harufu inatokana na salfa kidogo sana, sehemu isiyofika hata moja katika mia ya gesi yote. Mtu mzima, mwenye afya zake, hutoa ushuzi mara 10 hadi 20 kwa siku. Hata mbunge, mchungaji na bibi harusi.

Sasa njoo jikoni kwako. Hapa mjini maji yanachemka kwenye nyuzi joto karibu 97. Shira yanachemka kwenye 88 hivi, Barafu kwenye 85. Unaona sufuria linatokota, mvuke unapanda, unadhani maharage yanaiva kama ya nyumbani, kumbe yanaogeshwa tu. Ukiongeza moto maji yanakauka, joto haliongezeki. Na kwa kuwa mafuta ya jiko ni ya kuhesabu na wagumu wana njaa, unaepua yakiwa na kiini kigumu. Mtu akila maharage ya namna hiyo au makande yenye mahindi yanayogonga meno, ndani ya hema, mita 3,700 juu, tunategemea nini?

Sikuambii uache maharage. Ni chakula kizuri na ni cha bei yetu, na tumbo huyazoea ukiyala mara kwa mara kwa kiasi. Ila yapike kwa akili. Usiku wa kuamkia safari yaloweke kwa muda wa saa 8 hadi 12, yale maji yamwage yote, suuza, chemsha kwa maji mapya yaive kabisa mpaka yasagike kwa vidole viwili. Sehemu ya zile sukari inaondoka na maji uliyomwaga. Najua kina mama wetu wengi hawamwagi maji ya kulowekea, wanasema ladha inakwenda. Ladha utairudisha kwa kitunguu. Haya uliyoyapika nyumbani yaleni usiku wa kwanza. Kuanzia Shira badilisha: wali, ambao kati ya vyakula vya wanga ndio unaoacha gesi kidogo kuliko vyote, kwa dagaa, mayai au nyama, au dengu zilizokobolewa ambazo huiva upesi. Kabichi nayo ni ndugu wa maharage kwenye mambo haya, kwa hiyo usidhani ukihamia kwenye kabichi umehama. Kampuni ikikubali kubeba sufuria la presha, maharage yataiva hata Barafu, kwa sababu mvuke uliofungwa unapandisha joto la maji.

Halafu kuna ile chai. Maziwa ya unga zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi, sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani miili yao huacha kutengeneza kimeng'enyo chake baada ya utoto, nayo inaishia kwa bakteria walewale. Kwenye jamii za wafugaji wengi hubaki nacho ukubwani. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Tanzania, Kenya na Sudan, ikaonyesha kwamba wafugaji wa huku walipata uwezo huo kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyo tofauti na ya Wazungu. Wewe sijui uko upande gani, na huhitaji maabara kujua. Kunywa chai ya rangi wiki mbili, nyumbani na mlimani, usiguse maziwa mabichi wala ya unga. Tumbo likitulia, rudisha kikombe kimoja uone. Mtindi wengi wanaouvumilia, kwa sababu uchachu umeshakula sehemu ya ile sukari.

Magadi sasa. Magadi, kama ilivyo baking soda, yakikutana na asidi, iwe ya tumbo au ya limao lako, yanatoa kaboni dayoksaidi. Ndiyo povu unaloliona kwenye glasi. Unameza gesi, unabeua, unajisikia nafuu, unasema imetoka. Imetoka ile uliyoimeza dakika tano zilizopita! Na magadi ni chumvichumvi nyingi, inapandisha presha. Acha. Tangawizi haina neno, iendelee kwenye chai.

Kuhusu kutembea: gesi inatembea ndani ya bomba la utumbo, kama hewa kwenye mpira wa maji. Haitoboi ukuta kwenda begani. Utumbo mpana unapanda upande wa kulia, unakatiza chini ya mbavu, kisha unapiga kona kali upande wa kushoto juu kabla ya kushuka. Gesi ikikwama kwenye ile kona, unapata kisu chako cha mbavu za kushoto. Inauma kweli, sikubezi. Dalili yake ni kwamba inahama, inapungua ukijikunja magoti kifuani au ukilala na kugeuka, na inaisha ukitoa ushuzi au ukienda haja. Mgongo na bega lako yafikirie kwa namna nyingine: umebeba kilo 20 za mizigo ya watu kichwani na mabegani miaka mingi. Bonyeza lile bega, inua mkono, geuza shingo. Kama maumivu yanaongezeka, hiyo ni misuli na mifupa inayolalamika, haijatoka tumboni.

Hapa nisimame kidogo. Kazini kwangu, enzi za uuguzi, aliletwa mzee mmoja wa makamo aliyeshinda na "gesi kifuani" tangu asubuhi, amenyweshwa magadi mara tatu na wanawe. Alikuwa analowa jasho la baridi. Ulikuwa moyo, na tulimpoteza kabla ya saa sita usiku. Kwa hiyo maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima na kuacha ukipumzika, au yanayobana kama jiwe, yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, yakija na jasho na pumzi kukata, hayo usiyatafutie mbweu. Ni hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe mvua. Umri wa miaka 36 si kinga.

Na kile kichwa cha Barafu. Mwanangu, hiyo haikuwa gesi hata kidogo. Kichwa kupasuka, kutapika, chakula kukataa, na yote kuisha uliposhuka, huo ni ugonjwa wa mwinuko. Unaujua kwa wageni, mnawauliza kila jioni kama kichwa kinauma, lakini mpishi na wagumu hakuna anayewauliza, na nyie wenyewe mnaona haya kusema kwa sababu mmezaliwa chini ya mlima. Kuzaliwa Moshi hakukupi mapafu ya Barafu. Ukitoka kukaa mjini mwezi mzima ukapanda haraka, mwili wako unashtuka kama wa mgeni. Ukikipata tena, mwambie kiongozi wa safari, usipande zaidi. Kikizidi, shuka. Ukiona unahema ukiwa umekaa, unakohoa na mate yenye povu, au unayumba kama mlevi wakati hujagusa kitu, unashuka usiku huohuo na mtu wa kukushika, wala hamsubiri kupambazuke. Hiyo ndiyo "gesi ya kichwani" inayozika watu.

Limebaki la chembe ya moyo. Jina lenyewe linatudanganya, maana mahali pale ni mlango wa tumbo na moyo uko juu yake. Kuwaka usiku ukiwa na njaa kunafanana na vidonda vya tumbo, na wewe unavitafuta kwa juhudi zako zote. Ile diklofenaki uliyoitaja "tu" ndiyo sentensi niliyoipigia mstari mara mbili. Dawa za jamii yake zinapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, na wewe unameza karibu kila siku ya safari, naamini mara nyingine bila kula. Iache. Magoti yape paracetamol kwa kipimo chake na dawa ya kuchua, na umwonyeshe daktari, kwa sababu magoti ya mtu wa miaka 36 yana haki ya kuangaliwa.

Bakteria wanaosemwa ni H. pylori, na hawa si hadithi. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia alikunywa kikombe cha bakteria hao kuthibitisha kwamba wanaleta ugonjwa wa tumbo, akaugua kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Tatizo lako ni kipimo. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili wako uliwatengeneza kupigana na bakteria, na askari hao hubaki kambini miezi mingi, hata miaka, baada ya adui kuondoka. Mtu aliyepona anaweza kuendelea kusoma "chanya". Usianze dozi nyingine kwa karatasi hiyo. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria wenyewe, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na wiki 2 baada ya kuacha omeprazole, vinginevyo jibu linaweza kutoka hasi la uongo. Hospitali ya Mawenzi au KCMC waulize, watakuelekeza. Omeprazole yenyewe ni dawa nzuri ya asidi, ila haiondoi gesi ya maharage hata ukiinywa miaka mitano. Ukiiacha baada ya miezi yote hiyo kiungulia kinaweza kurudi kwa kishindo siku chache, usidhani ni kidonda kipya. Iache kwa ushauri wa daktari, baada ya kuacha diklofenaki, si kabla.

Sumu kwenye damu: yule wa chupa ya soda aligusa ukweli kidogo akauharibu. Sehemu ya haidrojeni ya tumboni kweli huingia kwenye damu, inafika mapafuni, unaipumua nje bila kujua. Madaktari hata huipima kwenye pumzi ili kujua kama mtu anashindwa kumeng'enya maziwa. Haimdhuru mtu. Ukibana ushuzi unajiumiza tu, kisha ukilala utatoka wenyewe, na hapo huna hata nafasi ya kuomba radhi.

Nguvu za kiume haziuawi na gesi. Hilo wauzaji wanaliongeza kwa sababu wanajua mwanaume ataficha tumbo lakini hapo lazima atoe pesa. Presha, kisukari, pombe nyingi, uchovu wa siku saba mlimani na mawazo ndivyo vya kuangalia. Pima presha na sukari siku utakayopeleka choo, unamaliza yote kwa foleni moja.

Mkeo ana hoja juu ya mbege. Ni pombe ambayo bado inachachuka ukiinywa, na ina nafaka ya ulezi ndani. Siku mbili kabla ya kupanda iache kwa wenye sherehe. Mama naye usimbishie. Mwambie utapima na choo kwa minyoo na giardia, mdudu anayepatikana kwenye maji machafu na anayeleta gesi yenye harufu ya yai bovu na choo chenye mafuta. Kwenye "chango" za wazee wengi mdudu wa namna hiyo alikuwemo.

Usisubiri ratiba yoyote ukiona choo cheusi kama lami au chenye damu, unakonda bila sababu, unatapika mfululizo, chakula kinakwama kooni, au tumbo limefura, linauma na umeshindwa kabisa kutoa choo wala ushuzi. Hilo la mwisho ni utumbo kuziba au kujisokota, na linataka upasuaji. Ushuzi ukikosekana ndipo sisi manesi tunaogopa. Mgonjwa akitoka upasuaji wa tumbo tunamuuliza kila asubuhi kama ametoa upepo, na akisema ndiyo wodi nzima inafurahi.

Hema sasa. Kula mapema, saa moja usiwe na sahani mkononi, kisha zunguka kambi dakika kumi na tano ukikagua vyombo, usijilaze na shibe. Mahali pako pawe pembeni karibu na zipu. Ukisikia linakuja, toka, angalia nyota, rudi.

Na yule kijana aliyehamia kwenye masufuria, mrudishe leo. Hema la jikoni hufungwa kwa ajili ya baridi, na jiko likiachwa linawaka kidogo kwa ajili ya joto linatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haichomi koo, mtu anasinzia tu na asubuhi haamki. Jiko lizimwe kabla ya kulala, mlango wa hema uachwe wazi, na asilale mtu humo, hata kama atanitukana mimi na wewe mpaka kuche.